Kizuri Chajiuza? Tupange Soko la Programu ya Bure

(Haya ni maneno ya ofisi yetu ya maendeleo katika mkutano wa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, uliofanyika Nakuru mwezi wa Novemba. Tumeyafupisha kidogo ili yatoshe kwenye kurasa hizi. Someni pamoja kikundini, kisha mjadili maswali ya mwisho.)

Tunajua wengine mmetoka Molo na Mau Narok alfajiri, wengine Subukia na Bahati, na mahindi bado yako shambani yanangoja kuvunwa. Kwa hiyo hatutazungusha maneno.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo tunaomba ruhusa tubishane na wahenga kidogo. Mama wa Elburgon akilima viazi vizuri kuliko vya jirani zake wote, kisha akaketi nyumbani akingoja vijiuze, vitajiuza? Vitachipua ndani ya gunia. Ni lazima mtu aende barabarani, aongee na mwenye lori, aulize bei ya Soko la Wakulima hapa mjini, ajue ni hoteli gani inataka viazi vya chipsi na inavitaka siku gani. Hiyo ndiyo kazi ya kupanga soko.

Sasa, leo hatukuja kwa ajili ya viazi. Tumekuja kwa ajili ya programu ya kompyuta inayoitwa LibreOffice. Haiuzwi, inatolewa bure. Na tumejifunza kwa uchungu kwamba kitu cha bure nacho kinahitaji kupangiwa soko, pengine kuliko kile cha kuuzwa.

NI PROGRAMU GANI HII?

Ni programu ya kazi za ofisi. Ina sehemu ya kuandikia barua na kumbukumbu za mkutano, inaitwa Writer. Ina sehemu ya hesabu, yenye mistari na safu kama daftari la mweka hazina, inaitwa Calc. Zipo na nyingine, lakini hizo mbili zinatutosha leo.

Ni programu huria. Maana yake mtu anaruhusiwa kuitumia bila kulipa, kuinakili na kumpa jirani, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Inatengenezwa na watu wa nchi nyingi, wengine wakijitolea, wengine wakilipwa na kampuni zao. Toleo jipya kubwa hutoka mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na karibu Agosti.

Ofisi yetu imeamua kwamba toleo la Februari linalokuja litapelekwa kwenye vikundi. Lakini safari hii hatutaki kupanga peke yetu. Tulishawahi kupanga peke yetu, na tutawaambia kilichotupata.

KWA NINI TUNAJISUMBUA

Kuna kikundi kimoja cha wamama upande wa Dundori, jina tunaliweka kando. Wana merigoraundi, wanakopeshana, na wamenunuliana tangi za maji moja moja mpaka kila boma likapata. Kumbukumbu na hesabu zao zilikuwa zinataipiwa kwenye saiba moja. Ikafika siku walitaka kurekebisha hesabu za mwaka ili waombe mkopo wa kikundi.

Walipofika saiba, programu iliyokuwa kwenye kompyuta ilikuwa nakala isiyolipiwa, na siku hiyo ilikataa kazi. Inafungua faili, inaonyesha, lakini haikubali ubadilishe hata nukta. Wakaenda saiba ya pili, flashi ikaingiwa na virusi. Ya tatu, faili haikufunguka kabisa. Jioni wakarudi nyumbani bila hesabu, na siku ya mwisho ya kupeleka fomu ikapita.

Kukosa mkopo kuliwauma, lakini mambo mabaya zaidi yalikuja kwenye mkutano. Mweka hazina wao ni mama wa makamo, hajui kompyuta, alikuwa anamtegemea kijana wa kutaipu. Wanachama wakaanza kuulizana: mbona hesabu hazionekani? Ziko wapi? Anaficha nini? Yule mama alilia mbele ya watu. Hakuwa amechukua hata shilingi. Tulikaa nao Jumamosi tatu tukijenga upya hesabu kutoka kwa vipande vya karatasi na jumbe za M-Pesa, na zilipokamilika zilikuwa sawasawa. Lakini wanachama wawili walikuwa wameshatoka, na mpaka leo hawajarudi.

Ndiyo maana tunasema jambo hili si la vijana wa kompyuta peke yao. Kikundi kinasimama juu ya kuaminiana, na kuaminiana kunasimama juu ya daftari ambalo kila mtu anaweza kuliona. Hata kusajili kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 kunadai karatasi: katiba, orodha ya wanachama, kumbukumbu za mkutano. Karatasi hizo zikikaa mahali pasipofunguka, kikundi kimefungwa pia.

KOSA LETU LA KWANZA

Baada ya hayo tulikimbia. Tulinakili LibreOffice kwenye CD, tukaita semina, tukasimama mbele tukatangaza, "Jamani, hii ni bure kabisa!" Kila kikundi kikapewa CD moja. Tukapiga makofi, tukapiga picha, tukaandika ripoti.

Miezi mitatu baadaye tukazunguka kuona matunda. CD moja tuliikuta imetundikwa shambani inafukuza ndege. Nyingine ilikuwa kabatini, bado ndani ya karatasi yake. Na kweli, kompyuta nyingi siku hizi hazina hata mahali pa kuingizia CD. Katika vikundi vyote tulivyotembelea, viwili tu ndivyo vilikuwa vinaitumia.

Hatukuwalaumu watu. Tuliketi tukauliza kwa nini, na majibu tuliyapata bila kufichwa:

"Mliposema bure, tulidhani ni ya kuonjesha tu, baadaye mtatudai."

"Mwenye saiba alikataa kuiweka, alisema itaharibu mashine yake."

"Kijana wetu alisomea pakeji zile zingine, akasema hii haijui."

Na mama mmoja wa Rongai akasema hivi: "Mlituonyesha mambo mengi mazuri. Lakini daftari letu hamkutuonyesha."

Neno la huyo mama ndilo lililotuamsha. Sisi tulitangaza programu. Yeye alikuwa anatafuta daftari.

WENGINE WALIFANYAJE?

Tulirudi tukasoma habari za waliotutangulia. Programu hii ilianzia Ujerumani kwa jina la StarOffice. Mwaka 1999 ilinunuliwa na kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, na mwaka 2000 kampuni hiyo ikaifungua kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Wale waliojitolea hawakungoja ijiuze. Waliunda kamati ya soko, na katika nchi mbalimbali wakawa na mtu wa kuongea na magazeti, shule na ofisi. Kumbe hata watu wa kompyuta wana kamati kama sisi!

Wenzao wa programu ya Firefox, ya kusomea intaneti, walifanya jambo ambalo sisi Wakenya tunalijua vizuri. Walifanya harambee. Toleo lao la kwanza lilitoka Novemba 2004. Watu kama 10,000 walichanga, na Desemba mwaka huohuo wakanunua nafasi kubwa kwenye gazeti la New York Times na kuandika humo majina ya waliochanga. Mtu aliyechangia tangazo hukaa kimya? Anamwonyesha jirani gazeti: "Tazama jina langu." Hapo kila mchangaji amekuwa mtangazaji.

Kuna somo lingine la Oktoba 2008. OpenOffice.org 3.0 ilipotoka, watu walioitaka siku hiyo walikuwa wengi hata mitambo ya kuitolea ikalemewa. Ni kama kutangaza mbegu halafu duka likose mbegu. Kutangaza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha aliyeitikia anapata.

Na sisi wa Kiswahili? Tunayo historia yetu. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu hiyohiyo ikiwa na menyu za Kiswahili. Kabla ya kutafsiri walikaa kwanza wakatafuta maneno ya kufaa. Na hapa kwetu Njoro, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Egerton, Jason Githeko, alitengeneza kikaguzi cha tahajia ya Kiswahili, kile kinachopiga mstari mwekundu chini ya neno ulilolikosea. Kikaguzi cha Kiswahili kimo katika LibreOffice mpaka leo.

Tuwaulize: kati yenu mlio hapa, nani aliwahi kusikia juu ya Jambo OpenOffice? (Mkono mmoja uliinuliwa, wa mwalimu mstaafu.) Na kikaguzi cha tahajia kutoka Njoro? (Hakuna.) Mnaona? Njoro ni mwendo wa matatu moja tu kutoka hapa. Kazi nzuri ilifanyika mlangoni petu na hatukuipata. Hatusemi hivi kuwalaumu waliofanya. Tunasema hivi kwa sababu barabara kutoka chuoni hadi kwenye kikundi ni lazima mtu aijenge.

Tena kuna jambo la kufuatilia. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya toleo la 1.1. Oktoba 2005, toleo la 2.0 likatoka. Programu ni kama nyumba ya udongo, usipoisiriba kila mwaka inaanza kuvuja. Anayepanga siku ya uzinduzi peke yake amepanga harusi bila kupanga ndoa.

MPANGO WETU, HATUA KWA HATUA

Basi, haya ndiyo tunayopendekeza. Mtuambie tulipokosea.

1. Tuanze na shida ya mtu. Hatutatangaza tena programu. Tutatangaza daftari la kikundi lisilopotea. Tunatayarisha jedwali la Calc lenye maneno mnayoyatumia wenyewe: Jina, Akiba, Mkopo, Riba, Faini, Baki. Mweka hazina akiandika akiba ya mwezi, jumla inajitokeza yenyewe. Mwezi wa Desemba tutalijaribu na vikundi vitatu, na tutasikiliza malalamiko yao kabla ya kulipeleka kwa wengine.

2. Tujue ni nani tunaongea naye. Mweka hazina anataka hesabu zisizobishaniwa. Katibu anataka barua isiyotaipiwa upya kila mara. Kijana aliyesomea pakeji anaogopa ujuzi wake kutupwa. Huyo tumwonyeshe kwamba aliyezoea kuandika na kupiga hesabu kwa programu nyingine atazoea hii kwa siku chache. Tangazo moja kwa wote halitamfikia yeyote.

3. Tuongee na mwenye saiba mapema. Huyu ndiye mwenye lori wa soko letu. Akikataa, mzigo unabaki barabarani. Januari tutawatembelea wenye saiba, kila mmoja kwake, kwa heshima. Tutawaambia ukweli: faida yao inatoka kwa kutaipu na kuprinti, haitoki kwa kuwa na programu fulani. Nakala isiyolipiwa inavunja sheria ya hakimiliki na siku yoyote inaweza kuwaangusha mbele ya mteja. LibreOffice inaweza kuwekwa kando ya programu waliyo nayo bila kuiondoa.

4. Tuchague wakati wa watu, tusifuate wakati wa kompyuta. Toleo jipya linatoka karibu Februari. Hiyo ni bahati kwetu: karo ya Januari imeshapita, mvua za kupandia bado. Lakini hatutaweka toleo siku lilipotoka. Toleo jipya huwa na kasoro ndogondogo, na watengenezaji huendelea kurekebisha lile lililotangulia kwa miezi kadhaa. Kwa hesabu za kikundi tutatumia lililokwisha kurekebishwa, na lile jipya tuliachie vijana walijaribu. Mwisho wa Februari tutakuwa na siku za maonyesho Njoro, Molo, Bahati na Gilgil. Machi na Aprili watu wako shambani, hatutaita mkutano wowote. Agosti wanafunzi wakiwa nyumbani, tutawafundisha vijana.

5. Tupeleke mzigo mpaka mlangoni. Programu hii ni zaidi ya megabaiti 300. Mtu akiambiwa aitafute mwenyewe kwa bando ya simu yake, ataacha. Tutaichukua mara moja ofisini kutoka kwa watengenezaji wenyewe, tuiweke kwenye flashi safi, na kila kituo kiwe na flashi ya kukopeshana.

6. Tutumie jina moja. Mwaka 2010, baada ya Sun kununuliwa na Oracle, wengi wa waliojitolea walianzisha shirika jipya, The Document Foundation, na jina jipya, LibreOffice. OpenOffice nayo ikaendelea kwa wengine, Apache. Majina mawili yanachanganya watu. Kwenye barua, redioni na kanisani tuseme LibreOffice tu.

7. Kila eneo liwe na mtu wa kuulizwa. Wazee wa hapa wanakumbuka pareto. Maua yalikuwa mazuri, na Kenya iliongoza dunia nzima. Lakini malipo yalipoanza kuchelewa, watu waling'oa wakapanda viazi na mahindi. Ua lilikuwa lilelile. Kilichokufa ni imani. Sisi nasi, mtu akikwama Jumatatu, asipopata wa kumjibu mpaka mwezi ujao, atarudi kwa kalamu, na atakuwa amefanya vizuri. Kwa hiyo kila kituo kichague vijana wawili, na kikundi kiwalipe nauli. Kazi ya bure kila siku inachosha hata mwenye moyo mwema.

TUSIAHIDI TUSICHO NACHO

Hapa tunaomba tuwe wakweli kabisa. Tangazo la uongo linauza mara moja tu.

Kwenye kompyuta tulizozitumia, menyu zilikuwa za Kiingereza. Tusimwambie mama kwamba kila kitu ni Kiswahili. Tumwambie kwamba jedwali letu ni la Kiswahili, kikaguzi cha tahajia kipo, na maneno machache ya kubonyeza tutamwandikia kwenye karatasi. Barua iliyopambwa sana kwa programu nyingine, ikifunguliwa hapa, pengine mistari inasogea. Tena tunaongea juu ya programu ya kompyuta, si ya simu. Wala haizuii virusi, wala haileti stima ikipotea. Na daftari la karatasi lisitupwe! Mwaka wa kwanza mtaandika kote kuwili.

Lipo jema moja la kutajwa kila mahali. LibreOffice inahifadhi faili kwa muundo ulio wazi, ambao ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Maana yake hakuna kampuni moja inayoshika ufunguo wa daftari lenu. Katibu akihamia Eldoret, mtu mwingine atalifungua.

TUTAJUAJE TUMEFAULU?

Mara ya kwanza tulihesabu CD tulizogawa. Safari hii hatutahesabu flashi wala watu waliokuja kunywa chai. Mwezi wa Mei tutatembelea kila kikundi na kuuliza jambo moja: mweka hazina anaweza kuonyesha wanachama wote hesabu za mwezi uliopita, sasa hivi, bila kungoja mtu wa mjini? Wakiweza, tumefaulu. Wasipoweza, kosa litakuwa kwenye mpango wetu, tutaurekebisha kabla ya Agosti.

Yule mama wa Dundori amekubali kikundi chake kiwe kimoja cha vile vitatu vya kwanza. Tulipomwonyesha jedwali, hakuuliza ni programu gani wala ni ya nani. Aliuliza, "Wanachama wote wataweza kuliona?" Tukamjibu ndiyo. Akasema, "Basi leteni."

Huenda wahenga walikuwa sawa, kizuri chajiuza. Lakini ni lazima kwanza kiwekwe mezani, mwenyewe akione.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Hesabu za kikundi chetu ziko wapi leo, na ni watu wangapi wanaoweza kuzifungua?

2. Mwenye saiba wetu ni nani, na ni nani kati yetu anayemfahamu vizuri wa kwenda kuongea naye?

3. Ni vijana gani wawili tunaoweza kuwachagua, na nauli yao itatoka wapi?

4. Kitu gani kizuri kiliwahi kuletwa kwetu kikafa? Kilikufa kwa sababu kilikuwa kibaya, au kwa sababu hakuna aliyerudi kutuuliza?